Kalamu Nene ya Hedley Tregenza

Kwa miaka thelathini na minne Hedley Tregenza alipima shayiri katika maghala ya nafaka ya Port Carrow, na katika miaka hiyo yote sikusikia mkulima hata mmoja wa rasi yetu akinung'unika kwamba alipunjwa. Alikuwa mtu wa vipimo kuliko jirani yeyote niliyewahi kuwa naye. Miche yake ya nyanya ilisimama kwa umbali ulio sawa kama askari wa gwaride. Ukimwuliza ni saa ngapi hakukuambia ni karibu saa nne; alikuambia ni saa nne kasoro dakika saba, kisha akakutazama usoni kuona kama unahitaji na sekunde zake.

Alipostaafu, mkewe Valda alivumilia majuma matatu. Alivumilia kuona makopo ya jikoni yakipangwa upya kwa urefu. Alivumilia kuambiwa kwamba yai lake la asubuhi hukaa motoni nusu dakika zaidi ya inavyofaa. Juma la nne alimvika mumewe kofia, akamsindikiza hadi kizingitini, akamwambia, "Hedley, mume wangu, nakupenda sana. Sasa nenda Bandani."

Banda ni karakana ya zamani ya reli, nyuma ya uwanja wa mpira, ambamo wanaume waliomaliza kazi za mshahara hukutana kila Jumanne na Alhamisi. Tunatengeneza viti vya shule ya chekechea, tunaunda vizimba vya kasuku, na tunakunywa chai nyingi. Mimi nilikabidhiwa birika, kwa sababu siku nilipojaribu msumeno wenzangu wote waliona ni salama zaidi nishike birika. Hedley yeye alipewa mashine ya kukereza iliyo chini ya dirisha, akaipenda tangu siku ya kwanza, kwa kuwa aligundua kwamba mashine ile haikubali makadirio.

Kalamu ya kukereza huanza ikiwa mche wa akriliki, kipande cha plastiki ngumu cha pembe nne, kinene kama kidole gumba, chenye rangi zinazopitana ndani yake kama maziwa ndani ya chai ambayo bado haijakorogwa. Mche hutobolewa katikati polepole, maana akriliki ikipata joto huyeyuka na kuing'ang'ania kekee. Mrija mwembamba wa shaba hugundishwa ndani ya tundu lile. Kisha mche hupitishwa kwenye ufito wa chuma wa mashine na kubanwa kila upande kwa pete ndogo, na pete hizo ndizo sheria yenyewe. Unene wake ni sawasawa na unene wa vyuma vya kalamu vitakavyofungwa mwishoni. Kwa hiyo mkerezaji hukata mpaka akriliki ilingane na pete, asibakize wala asizidishe. Kila mkerezaji wa kalamu niliyemfahamu, akimaliza, hupitisha ukucha pale akriliki inapokutana na chuma. Ukucha ukikwama, ni aibu. Usipokwama, humpa jirani naye apitishe wa kwake.

Kwenye kalamu za Hedley ukucha haukukwama kamwe. Patasi yake ilikuwa kali kiasi kwamba akriliki haikutoka vipandevipande. Ilitoka nyuzi ndefu laini, zikamrukia kifuani na kushikamana na fulana yake ya sufu, hata saa ya chai alikuja mezani amejaa mapambo kama mti wa Krismasi.

Jirani yake wa mashine alikuwa Roly Obst, aliyekuwa na bucha mtaa wa mbele kabla mwanawe hajairithi. Roly alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti, na kwa miaka kumi na mmoja wawili hao walisimama bega kwa bega wakitukanana kwa upendo.

"We Hedley, unakereza au unabembeleza mtoto alale?"

"Nakereza. Wewe ndiye unayechinja."

"Angalau mimi nitaiona kalamu yangu imekwisha kabla sijafa."

"Na watakaoiona baada yako watafurahi kwamba hukufanya ya pili."

Bandani tuna desturi moja isiyoandikwa kwenye ubao wa kanuni, ingawa ubao huo una kanuni kumi na tisa. Kazi ya mtu haiachwi njiani. Mmoja wetu akilazwa, au magoti yakimkatalia, au akifariki, mwenzake wa karibu humalizia kazi ile, huipiga msasa, huipeleka nyumbani kwa mwenyewe, wala hangoji shukrani. Ern Bray alipotutoka aliacha farasi wa mbao mwenye miguu miwili. Krismasi ile mjukuu wake alimpanda farasi huyo, sasa mwenye miguu yote minne. Ni desturi njema. Nasema hivyo hata baada ya yaliyotupata.

Sasa nimlete Valda, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la mkono wake.

Kila Oktoba, shayiri inapoanza kugeuka manjano, mji wetu hufanya Maonyesho. Watu huleta jamu, skonzi, keki za sponji, waridi, mayai, kondoo na mabua ya shayiri, na waamuzi hukata mashauri siku ya Ijumaa ili milango ifunguliwe Jumamosi asubuhi. Kila mshindi huwekewa kadi mbele ya kitu chake: jina lake, alichokileta, na ni wa ngapi. Kwa miaka arobaini na miwili kadi hizo ziliandikwa na Valda Tregenza kwa mkono. Nilifundishwa kuandika na masista wa misheni, waliotutandika kidole kwa rula herufi ilipolala upande usiofaa, kwa hiyo najua mwandiko mzuri ninapouona. Mwandiko wa Valda haukuwa wa mapambo. Ulikuwa wima, wazi, wenye adabu, na jina la mtu likiandikwa nao lilionekana kama limevalishwa nguo za Jumapili. Nimeingia nyumba ambazo hazina picha ukutani, lakini juu ya jiko ipo kadi ya Valda: skonzi za sukari guru, wa pili, mwaka wa mafuriko.

Baridi yabisi ilimwingia vidoleni polepole kwa miaka mingi, na katika majira ya baridi ya mwaka ninaousimulia iliacha upole wake. Gumba la mkono wa kulia lilivimba kwenye shina, vidole viwili vikapinda. Kalamu yake ya zamani, nyembamba kama unyasi, ilianza kumzunguka mkononi. Siku moja kanisani, akiandika jina lake katika orodha ya wapanga maua, iliteleza mara tatu. Mara ya tatu hakuinama kuiokota.

Mwezi Septemba katibu wa Maonyesho, Joylene, alikwenda kumwona. Joylene ni mwanamke mwema, mwepesi wa miguu, ambaye hupenda mambo yaishe. Alimweleza kwamba kamati imenunua mashine ya kuchapa, kwamba kadi zote zingetoka kwa nusu saa, na kwamba hakuna mtu ambaye angemfikiria vibaya.

"Hakuna atakayenifikiria kabisa," alijibu Valda. "Hilo ndilo tatizo."

"Aa, mama, usiseme hivyo. Sisi tunataka tu upumzike."

"Nikitaka kupumzika nitakaa. Sikiliza, Joylene. Nipe mpaka Ijumaa ya Maonyesho, saa nane mchana. Nikiweza kuandika, nitaandika. Nikishindwa, washa mashine yako, nami sitatia neno wala sitarudi mezani pale tena."

Hedley alikuwa chumba cha jirani akisikia. Aliniambia baadaye kwamba katika miaka hamsini na mmoja ya ndoa alikuwa amemsikia mkewe akikasirika mara nyingi, lakini sauti ile ya kuaga hakuwahi kuisikia.

Hakumwambia kitu. Alianza kupima. Mkewe alipolala mchana alizunguka nyumba na kipimo chake cha chuma chenye taya mbili, akitafuta vitu ambavyo mkono ule bado ulivishika bila kulalamika. Sufuria, hapana. Funguo, hapana. Mwishowe alipata kisu cha kumenyea viazi, chenye mpini mnene wa mpira, ambacho Valda alikishika kila siku akitengeneza pasti, vile vikate vya nyama na viazi, wala hata siku moja hakikumponyoka. Mpini ulikuwa milimita ishirini na mbili. Akaiandika namba hiyo kwenye kitambulisho chake cha Bandani, akaagiza kwa posta mche wa akriliki mnene kuliko yote tuliyowahi kuiona. Ulikuwa mmoja tu: wa kijani cha bahari kilichochanganyika na cheupe, kama maji yanavyoonekana chini ya gati letu siku isiyo na upepo.

Jumanne ya juma la Maonyesho aliufunga kwenye mashine. Hakutwambia ni wa nani wala ni wa nini. Alikuwa mtu wa kutangaza kitu kikiwa tayari. Alikereza pembe zote, akaufikisha milimita ishirini na mbili, akauviringisha kidogo tu kwenye ncha, bila kuufikisha kwenye pete. Ulibaki mnene kama mpini wa jembe la mtoto. Alikuwa anatafuta msasa simu ilipolia: daktari wa viungo, ambaye hufika mji wa jirani mara moja kwa mwezi, alikuwa na nafasi ya Valda saa sita mchana huo huo.

"Nakwenda," alisema akivua ngao ya uso. "Nitaikuta Alhamisi."

Mlango ulipofungwa Roly alisogea kwenye mashine ya Hedley, akapitisha ukucha kwenye pete. Ukucha ulikwama kama gurudumu kwenye ukingo wa barabara.

"Maskini," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo uone, wewe wa chai."

Nikaja, nikaona.

"Tangu wamtoe mtoto wa jicho hajawa sawa," alisema Roly. "Haoni pete. Hedley! Mtu wa kupima hata chumvi. Angejua tumeiona hivi angekufa kwa aibu."

"Sasa?"

"Sasa nini? Kazi yake imefika kwangu."

Alisimama pale mchana kutwa. Sikupata kumwona Roly Obst akikata kwa uangalifu vile, akizuia pumzi, akizima mashine kila mara kukagua. Akaufikisha mche kwenye pete, unene wa penseli. Akausugua kwa vitambaa vyote tisa vya msasa, akichovya kila kimoja majini, kuanzia kikali hadi kile laini kama kitambaa cha miwani. Akafunga vyuma, akatia mjazo wa wino mweusi. Aliponipa nipitishe ukucha, haukukwama popote. Nilimwambia ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ilikuwa kweli.

Jumatano asubuhi tulikwenda kuipeleka. Roly aliniomba nimsindikize ili pawe na shahidi wa sifa zake. Tulimkuta Valda jikoni na rundo la viazi, na Hedley akipaka siagi kwenye mkate kwa usawa wa kawaida yake.

"Bibi Valda," alisema Roly, akiitoa kalamu ndani ya leso, "mume wako aliianza, marafiki wameimaliza. Sisemi zaidi."

Hedley aliitazama kalamu. Nilimwona rangi ikimtoka usoni kuanzia kwenye paji. Valda alifuta mikono, akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Jamani, nzuri kweli! Kama maji ya gatini."

Akavuta bahasha, akaiweka kalamu katikati ya vidole vyake. Aliandika mstari mmoja, tena nusu. Kalamu ikazunguka, ikateleza, ikaangukia maganda ya viazi. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena.

"Amesisimka," Roly alininong'oneza.

"Ni kazi safi sana, Roly," alisema Hedley. Alipitisha ukucha, akatikisa kichwa. "Safi. Sikuweza kuifanya vizuri zaidi. Ahsante, ndugu yangu."

Valda alimgeukia mumewe. "Hedley. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Umepauka kama unga. Hii kalamu ilipaswa kuwaje?"

"Ni nzuri hivi ilivyo."

"Sikuuliza kama ni nzuri."

Hedley aliweka kisu cha siagi chini. "Milimita ishirini na mbili," alisema.

"Ishirini na mbili za nini?"

"Za mpini wa kisu chako cha kumenyea."

"Umenipimia kisu cha kumenyea?"

"Ulikuwa umelala."

Roly ndiye aliyeelewa wa mwisho, na alipoelewa alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, na kiti kikalia. "Uliiacha nene makusudi," alisema. "Nami nimekukatia. Nimemkatia kalamu yake yeye. Hedley, nilidhani ni macho. Haki ya Mungu nilidhani ni macho."

"Ningedhani hivyo hivyo."

"Usinihurumie! Nitukane kidogo, tafadhali."

"Nami nilimsifu," nilisema, maana ilikuwa haki isemwe.

Valda alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Wanaume watatu," alisema. "Mmoja anapima, mmoja anakata, mmoja anasifu. Hakuna hata mmoja aliyekuja na kusema, Valda, lete huo mkono tuuone." Akachukua kisu cha kumenyea. "Na mjue hiki kisu hakinifai kuandikia. Hiki nakikumbatia kwa ngumi. Kalamu mtu haishiki kwa ngumi. Hata ungeifanya ishirini na mbili, Hedley, ingenianguka vilevile."

Hedley alikitazama kisu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mizani yake ya miaka thelathini na minne ilikuwa imetegwa upande.

"Ilikuwa nikushangaze," alisema.

"Umenishangaza."

"Na mche ulikuwa mmoja."

"Basi kesho mtafute mwingine," alisema Valda, akirudi kwenye viazi, "nami nitakuja na mkono."

Alhamisi asubuhi Roly alifika Bandani kabla ya wote, amekumbatia kitu ndani ya taulo. Ilikuwa nguzo ya kombe alilolipata na Hedley katika mchezo wa matufe ya nyasini, wawili wawili, miaka ishirini na mitano iliyopita: gogo la akriliki angavu kama maji, nene kama kifundo cha mkono. Alikuwa amekwisha kuling'oa kwenye kitako chake na kulikata kwa msumeno.

"Nusu ya kombe hilo ni yangu," alisema Hedley.

"Nusu yako nimeiacha nyumbani. Ni kile kibao chenye majina."

"Ulilitunza miaka yote hiyo."

"Lilikuwa linashikia mlango wa choo. Toboa, bwana, saa zinakwenda."

Akriliki angavu haifichi kitu. Kilichomo ndani yake huonekana, hata gundi, hata alama ya kidole. Kwa hiyo ilibidi tundu lipakwe rangi ndani kabla ya kutia mrija. Kopo lililokuwa wazi siku ile lilikuwa la rangi nyekundu ya viti vya chekechea, nayo ndiyo tuliyotumia. Gundi ilipokuwa ikikauka Valda alifika, ametoka kutengeneza nywele kwa ajili ya Maonyesho, amebeba trei ya pasti za moto. Bandani hakuna anayesogelea mashine bila ngao ya uso, ni kanuni ya pili, na Roly alipomletea ngao aliishika kama anayemvika bibi harusi shela.

"Ukiharibu hizi nywele, Roland Obst, hizo pasti utazinusa tu."

Kisha kazi ikaanza, na haikufanana na kazi yoyote niliyoiona pale. Hedley alikata kidogo, akazima mashine, akaichomoa kalamu kwenye ufito, akampa mkewe. Valda aliishika, akafumba macho, akaandika hewani.

"Bado. Hapa pananichoma."

Akairudisha, akakata, akazima.

"Hapa sawa. Lakini kidole hiki kinatafuta pa kulala hakipati."

"Pa kulala?"

"Shimo kidogo. Kama kwenye mto baada ya kichwa."

Hedley alimwomba auweke mkono juu ya meza. Aliuchukua, akaugeuza, akalishika gumba lile lililovimba, akasogeza kidole chake taratibu kwenye kila kifundo, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesoma. Alikuwa ameushika mkono ule kwa miaka hamsini na mmoja, na sote tulioona tulijua kwamba alikuwa hajautazama kwa muda mrefu. Nilikwenda kuangalia birika ingawa maji hayakuwa yamechemka.

Mara kumi na tisa aliichomoa kalamu ile. Ilipokwisha ilikuwa nene mahali pa gumba, imebonyea mahali pa kidole cha kati, na mkia wake umechongoka. Nyekundu ilionekana kwa ndani kabisa, kana kwamba imezama.

"Imekuwa kama nyoka aliyemeza yai," alisema Roly.

"Nyoka wangu huyo," alisema Valda. "Mwache ameze."

Pale akriliki ilipokutana na chuma pakabaki ngazi kubwa. Nilimwona Hedley akiitazama, na ukucha wake ukaanza kusogea wenyewe, kama mguu wa mtu asikiaye muziki. Valda alimshika kifundo cha mkono.

"Acha hivyo hivyo," alisema. Naye akaacha.

Ijumaa saa nane mchana tulikuwa katika ukumbi wa Maonyesho. Keki za sponji zilikuwa zimekatwa kipande kimoja kimoja, waamuzi wanakunywa maji, na Joylene amesimama karibu na mashine yake mpya, ambayo alikuwa ameifunika kitambaa kwa heshima. Valda alikaa kwenye meza yake. Hedley alikaa ubavuni mwake, akaishika kadi ya kwanza kwa vidole viwili ili isihame. Roly alisimama nyuma kabisa, karibu na mayai, kofia mkononi.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya jamu ya aprikoti, na mshindi alikuwa mtoto wa shule aliyeitwa Tahlia Menz. Valda aliandika T, akatulia. Akaandika nyingine, na nyingine. Herufi hazikuwa zile za zamani. Zilikuwa kubwa zaidi, na mstari ulitetemeka kidogo pale ulipopanda. Lakini zilisimama wima. Alipomaliza alipuliza wino, akaisukuma kadi upande wa Joylene.

Joylene aliisoma, akasoma tena, akatoa leso. "Haya," alisema, "hii naiweka mwenyewe." Akaenda nayo mezani mbio, na viatu vyake vikasikika hadi mwisho wa ukumbi.

Valda aliandika kadi arobaini, akapumzika, akanywa chai aliyoshikiwa kikombe. Akaandika nyingine thelathini na tatu. Ilipofika saa kumi na nusu mkono ulikuwa umekataa, na kadi zilizobaki zilikaribia mia moja na hamsini. Aliziangalia bila uchungu, kama mtu anayeangalia vyombo vya wageni vilivyobaki kuoshwa.

"Wa kwanza wote nimewamaliza?" aliuliza.

"Wote," alisema Joylene.

"Basi washa mashine yako. Wa pili na wa tatu ni wako. Anayetaka mkono wangu aongeze bidii kwenye skonzi zake."

Roly alicheka mpaka mayai yakatikisika. Watu walianza kutembea tena, na mashine ikaanza kutema kadi zake nyeupe zilizonyooka, na kwa kweli zilikuwa nadhifu. Hedley aliichukua kalamu mkononi mwa mkewe ili aikaushe wino. Valda akauacha mkono wake juu ya meza, ukiwa wazi, akawa anaukunjua kidole kwa kidole.

"Mwaka ujao," alisema, "upande huu upunguze kidogo. Hapa pananibana nikifika kadi ya hamsini."

Hedley hakutoa kipimo mfukoni. Alivuta kiti chake karibu zaidi.

"Wapi?" aliuliza. "Nionyeshe."